Moto Ruhusa, Umeme Marufuku

Nilipofumbua macho nilikuwa juu ya lundo la maganda ya alizeti, nje ya kiwanda chetu, na masikio yalikuwa yanalia kama nyenje. Bati la paa lilikuwa limening'inia kwenye mgunga wa jirani. Kila mahali mvuke mweupe. Ndani ya ule mvuke nilimsikia shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, akimwita mkewe. Aliita mara mbili, halafu kimya. Nikataka kumfuata, nikaona ngozi ya mkono wangu wa kulia imejivua kama soksi.

Watu wa ofisini wilayani wameandika kwenye ripoti kwamba alikufa kwa uzembe wake. Mimi nimeishia darasa la nne, lakini neno uzembe nalisoma vizuri tu. Ndiyo maana naandika.

Kijiji chetu kiko upande wa Mungaa. Kikundi chetu, wa kanisani na wa msikitini pamoja, kilikuwa na mashine ya kukamua alizeti na boila la mtumba. Boila lile lilikula maganda ambayo zamani tulikuwa tunayatupa. Mvuke wake ulifanya kazi mbili kwa moto mmoja: ulipasha mbegu kabla ya kukamuliwa, na ulizungusha injini iliyotoa umeme wa mashine na wa friji ya chanjo pale zahanati. Shemeji ndiye aliyekuwa fundi. Kazi hiyo aliijua kutoka kiwanda cha sukari kule Morogoro. Mimi nilikuwa wa kulisha moto.

"Shemeji, mpe chakula huyo mume wako, ana njaa," alikuwa ananitania.

"Mume wangu angekula hivi ningeshamkimbia!"

Basi nguzo za umeme wa taifa zikafika. Pamoja nazo likaja agizo: anayejitengenezea umeme mahali ambapo laini imefika, awe na kibali au azime. Kibali tulikifuata. Shemeji alikwenda Ikungi, akaenda Singida mjini, akarudi tena. Ofisi ya umeme wakamwambia fomu yao ni ya umeme peke yake, huo moto wa kupasha mbegu auondoe kwanza. Wa usalama kazini wakasema wao wanashughulika na boila la kupasha, ila likizungusha injini si lao. Hakuna fomu ya vitu viwili, mzee, nenda kule. Akienda kule, rudi huku.

Dada akacheka kwa hasira. "Punda akibeba maji na kuni safari moja, naye ajaziwe fomu mbili?"

Siku ya kufungiwa alikuja afisa wa nishati wa wilaya na mtendaji wa kijiji. Afisa hakumpa shemeji hata shikamoo, na mvi zile alikuwa anaziona. Akasoma karatasi yake: moto ruhusa, umeme marufuku. Akatoa waya na vipande vya risasi vyenye nembo, ndiyo lakiri yenyewe. Kwenye bomba la mvuke kulikuwa na koki mbili zimekaa jirani. Akafunga ya kwanza, ya injini. Akashika na ya pili.

"Hiyo siyo ya umeme, bosi," shemeji akasema. "Hiyo ya kupumulia. Mvuke ukizidi naufungulia uende nje."

"Imetoka bomba gani?"

"Hilohilo la injini."

"Basi ni ya umeme. Mzee, usinifundishe kazi." Akaifunga nayo kwa waya na lakiri.

Mtendaji alikuwa anaijua ile koki, tulishamwonyesha. Alitazama viatu vyake, akasaini.

Mtu wa mjini atauliza kwa nini hatukukata waya walipoondoka. Kwetu lakiri ya serikali haiguswi. Kijiji cha pili kuna mtu aliikata kwenye mizani yake, akaenda jela, akarudi hana meno ya mbele. Tangu hapo watu wanaipita kwa mbali kama kaburi bichi.

Na letu sitalificha. Kile kifuniko cha juu ya boila, kinachotakiwa kujifungua chenyewe mvuke ukizidi, kilikuwa na kutu na tulijua. Mkaguzi wa boila tulimwita mara mbili. Alikuja mara moja, akasaini akiwa mlangoni kwa kuogopa vumbi la maganda kwenye shati lake. Tungegoma kuwasha. Lakini mavuno yalikuwa yameingia, magunia ya watu yamejaa mpaka nje, na ruhusa ya kupasha mbegu tulikuwa nayo kwenye karatasi.

Tukawasha. Mashine sasa inaendeshwa na umeme wa nguzo. Mchana, saa saba hivi, umeme ukakatika. Mashine ikasimama, pipa la kupasha mbegu limejaa, mvuke hauna pa kwenda, na moto wa maganda hauzimiki kwa kuambiwa. Nilikuwa nautoa kwa koleo huku mshale wa geji unapita kwenye nyekundu.

"Kata waya, shemeji!"

"Ngoja niombe ruhusa."

"Ruhusa gani na tunakufa?"

"Nikifungwa, dada yako utamlisha wewe?"

Akampigia afisa, akaweka sauti kubwa maana boila lilikuwa linanguruma. Nilisikia kwa masikio yangu haya, yakiwa bado mazima. Afisa alisema yuko kikaoni. Shemeji akamweleza taratibu, kwa adabu, kama anavyoelezwa mkubwa. Afisa akajibu: "Usiguse lakiri. Nitakuja kesho niangalie."

"Sawa, bosi."

Kisha akaniambia nikayasogeze maganda yaliyo mlangoni yasije yakashika moto. Nikatoka. Leo najua hakuwa na shida na maganda, alikuwa ananitoa mle ndani.

Ripoti ilisomwa kwenye mkutano wa kijiji na mtendaji yuleyule. Ikasema mwendeshaji alizembea kufungua koki ya kupumulia. Siku ya kuifunga ilikuwa ya umeme, alipokufa mtu ikawa ya kupumulia! Waya haukutajwa. Simu haikutajwa. Sasa dada yangu anakwenda kisimani jua likiwa utosini ili asikutane na wenzake, kwa sababu kuna mama alimwambia usoni, "Mumeo katuulia kiwanda." Afisa amehamishiwa wilaya nyingine, nasikia kwa cheo.

Ninyi mlioandika agizo la kutenganisha moto na umeme bila kuuliza boila linapumuaje, mnahusika. Mkaguzi wa mlangoni, unahusika. Mtendaji, unahusika, na tunakutana kila siku. Lakini wewe afisa ndiye ninayekutaka kwanza. Rudi hapa kijijini, simama kwenye mkutano mbele ya dada yangu, useme kwa mdomo wako mume wake alikuomba nini kwenye simu, na wewe ulimjibu nini.