Mama Aliyeogopa Barafu Kavu

Habari ya kifo chake ilinifikia Jumanne asubuhi, nikiwa jikoni nasubiri maziwa yachemke. Aliyepiga simu ni binti yake mkubwa, naye hakuzunguka. "Mama ametutoka alfajiri. Presha ilipanda ghafla, tukamkimbiza hospitali, lakini hatukuwahi." Nilimpa pole, nikauliza siku ya maziko, kisha nikakaa chini. Wasomaji wa safu hii wataniwia radhi nikisema kweli: kilichonijia kwanza hakikuwa majonzi, kilikuwa hofu. Nilihisi kifua kinabana na pumzi zinakwenda mbio, kama zilivyokwenda siku ile barabarani miaka kadhaa iliyopita, siku ambayo bila yeye nisingekuwa hapa kuandika.

Alikuwa msimamizi wa chumba cha baridi katika kampuni moja ndogo upande wa Himo, kampuni ambayo siku hizi haipo tena. Wakulima wa huko juu mlimani, ambao baba zao waliishi kwa kahawa, walileta maharage machanga, njegere na pasheni. Mboga zilipozwa na kufungwa. Pasheni zilikamuliwa, rojo lake likagandishwa. Siku hiyohiyo mzigo ulikwenda uwanja wa ndege, na kesho yake ulikuwa mezani kwa watu wasioijua Moshi hata kwa jina. Nilifika pale kuandika habari ya mafanikio hayo. Nikakuta mama wa makamo, mfupi, koti zito mwilini na filimbi ya tahadhari shingoni, amesimama mlangoni mwa chumba cha baridi kama mlinzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unakwenda wapi?"

"Naingia kutazama kidogo."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Basi huingii."

Hakuwa anatania. Kwake hakuna aliyeingia peke yake, hata meneja. Kilichomtisha hasa hakikuwa baridi, ilikuwa barafu kavu, ile iliyowekwa ndani ya maboksi ya rojo ili lisiyeyuke njiani. Alinieleza kwa subira ya mwalimu wa Jumapili: barafu ya kawaida huwa maji, lakini hii huwa hewa. Huioni, huisikii, haina harufu. Ikijaa mahali palipofungwa inamnyima mtu pumzi, kama jiko la mkaa linavyoua familia zinapofunga milango wakati wa baridi. Wafanyakazi wenzake walimsikiliza huku wakikonyezana. Dereva wa kampuni, baba wa watoto watatu na mcheshi kweli, alimwigiza akipuliza filimbi hata kwa mvuke wa kikombe cha chai. Nilicheka nao. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nilicheka.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwezi wa saba, manyunyu tangu asubuhi na mlima umejifunika wote. Gari la baridi liliharibika, na ndege ilikuwa ya alasiri. Meneja akaamua maboksi ya rojo yapakiwe katika gari dogo la abiria, viti vya nyuma vikunjwe, na yaongezwe barafu kavu ili yavumilie safari. Mama alikataa mbele ya watu wote. Meneja akamwuliza kama ni yeye atakayewajibu wateja. Mama akamgeukia dereva. "Utakwenda, lakini madirisha yote manne wazi. Hata mvua ikiingia. Umenisikia?" Dereva akapiga saluti. Mimi nilipanda naye mbele, na mama akafuata nyuma katika pikapu ya mboga, akiendeshwa na fundi wa kampuni.

Kabla hatujafika Moshi mjini mvua ilizidi, ikawa inatupiga usoni. "Huyu mama atatuua kwa nimonia," dereva alisema, akafunga dirisha lake. Na mimi nikafunga langu. Kisha yeye akasimamisha gari, akafunga ya nyuma. Nilimshukuru. Joto likarudi mwilini, tukaanza hadithi.

Tulipita mjini salama. Tulipokuwa tukiupa mji kisogo, kichwa kilianza kunigonga. Nikadhani ni njaa. Kisha nikaona napumua kama mtu anayepanda kilima, nami nimekaa tu. Nilimtazama dereva: jasho lilimtiririka na maneno yake yalikuwa yanaburuzika. Alicheka, na hakuna aliyesema kitu cha kuchekesha. Hapo ndipo nilipoogopa, woga ambao sijaupata tena na siombei kuupata. Nilijua kabisa kinachotokea. Nilijua dirisha liko upande wangu wa kushoto na kitasa chake kiko wapi. Mkono haukwenda. Nilitaka kumwambia dereva asimame. Mdomo ulifunguka, sauti haikutoka. Gari likaanza kuvutwa pembeni, matairi yakalia kwenye changarawe, na mimi nikawa natazama tu kana kwamba yanampata mtu mwingine.

Kilichofuata nimesimuliwa. Pikapu ilikuwa imeachwa nyuma; ilipotufikia na mama akaona madirisha yamefungwa, alimwambia fundi apige honi na kutupita. Gari letu lilipoacha barabara na kukwama kwenye tuta la udongo kando ya shamba la mahindi, yeye ndiye aliyefika kwanza, akakimbia matopeni, akafungua milango yote. Ninachokumbuka mwenyewe ni majani mabichi shavuni, mvua, na filimbi. Alikuwa anaipuliza kuwaita watu, hana akiba ya pumzi, analia na kupuliza. Dereva alilala chali, midomo imebadilika rangi. Fundi alimkandamiza kifua akimwita jina, na kwa muda ambao kwangu hauna kipimo hakuitika. Kisha akakohoa.

Mama alikaa palepale kwenye tope. Ndipo aliponiambia, bila mimi kuuliza, kwamba katika kazi yake ya kwanza alimtuma mwenzake achukue boksi moja kwenye stoo ndogo iliyowekwa barafu kavu. Alipoona kimya kimezidi alimfuata, akamkuta ameketi ameegemea ukuta kama anayepumzika. Hakuamka. "Wananiita mwoga," alisema. "Ni kweli, mwanangu. Mimi naogopa kila siku. Ninapoamka naogopa." Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Siku ile nilielewa kwamba kicheko hicho huwa kimelipiwa na mtu mwingine.

Mzigo haukuwahi ndege. Dereva alilazwa, akapona. Meneja alimlaumu mama kwa kuchelewesha, na baada ya muda mfupi mama akaondolewa kazini. Nami? Meneja aliniomba niiache "hiyo ajali ndogo", kwamba itawatia hofu wanunuzi na wakulima wataumia. Nikakubali. Niliandika makala nzuri sana juu ya mboga za Kilimanjaro zinazopaa angani, ikasifiwa. Miezi baadaye nilikutana na mama sokoni. Alinisalimia kwa furaha, akauliza habari za nyumbani, kisha akasema taratibu, "Nilisoma ile makala yako. Sikuona mahali ulipoandika juu ya hewa." Nilijibu kwamba nafasi haikutosha. Akaitikia kwa kichwa, akaninunulia parachichi, tukaagana. Hakuuliza tena, hadi alipokufa.

Tulimzika Ijumaa kihambani kwao, kwenye shamba la ukoo, kati ya migomba na mibuni michache iliyobaki. Dereva alikuwa mmoja wa wabeba jeneza. Baada ya ibada, tukila, niliketi karibu na msichana ambaye anafungasha matunda yaliyogandishwa katika kampuni mpya; siku hizi zipo kadhaa, ndogondogo, zinaanza kila msimu. Nikamwuliza kama wanatumia barafu kavu. "Ndiyo, nyingi tu." Wameambiwa nini juu yake? "Tusiishike kwa mikono mitupu, inaunguza." Na nini kingine? Akafikiri. "Basi, ni hilo tu." Nikamwuliza wanaisafirisha kwa gari gani, na jibu lake, kwamba ni gari dogo la abiria, likanifanya niweke sahani chini.

Nilimweleza yote, palepale, kuanzia mwanzo. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akatoa simu akampigia mwenzake aliyekuwa zamu. Ninaandika leo kwa sababu hiyohiyo, nikiwa nimechelewa sana. Kazi mpya zinaingia mlimani kwetu haraka kuliko maonyo yake, na wanaoyajua maonyo hayo wanazeeka na kutuacha. Mahali pa kazi, mtu anayeogopa mwulizeni anaogopa nini, na akishawaambia, msikae nalo kimya kama nilivyokaa mimi.