Chuma cha Bibi

Hata leo nikinusa iliki narudi uani kwetu Temeke, msimu ule nilipokuwa darasa la tatu. Kabla ya adhana ya alfajiri mama alikuwa ameshakoroga unga wa mchele, tui na hamira, na chuma cha vitumbua kimeshika moto juu ya jiko la mkaa. Vitumbua vyake vilikuwa laini ndani na vikavu kingoni, vikawaita watu mpaka wa mtaa wa pili. Lakini biashara ilidumaa. Wateja walisubiri, wakaguna, wakaenda zao kula mihogo ya jirani. Mama aliongeza unga, akaongeza mkaa, akatuamsha mapema zaidi tupepee jiko. Mwisho akaamua kuwa ni kijicho, akafukiza ubani na kumwaga chumvi mlangoni. Nilimkuta akilia juu ya beseni la unga uliochacha, akasema hali ikiendelea hivi atarudi kufua nguo za watu.

Chuma kimoja kilitoa vitumbua vichache tu kwa mara moja, lakini kununua cha pili hakuthubutu. Kile kimoja alipewa na Bibi, mama mzaa baba, siku alipoingia nyumba ile kama bi harusi, na kwetu kuweka chuma kipya kando ya cha mkwe ni kumwambia kwamba zawadi yake haitoshi.

Bibi naye alikuwa na mpilipili ndani ya kopo la rangi. Aliulisha mbolea ya kuku, akaunywesha, hata akausemesha, nao ukabaki kimo kilekile na majani ya njano. Jumamosi moja kopo, lililokwisha kuliwa na kutu, likapasuka. Mizizi ilikuwa imejizungusha humo ikakosa pa kwenda. Kikulacho ki nguoni mwako. Bibi aliitazama, kisha akamtazama mama anayepindua vitumbua huku wateja wakinung'unika, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mwanangu," alisema, "mie chuma nilikupa uanzie, sikukupa kiwe kipimo chako. Kanunue vingine."

Jioni ileile mama alirudi na vyuma viwili kichwani, anatembea kama mwenye shamba. Kesho yake vitumbua viliganda vyote, maana chuma kipya hakijazoea mafuta, nasi watoto tukala makombo kwa furaha. Lakini kabla ya mwezi kwisha hakuna mteja aliyeondoka mikono mitupu, na mpilipili, uliohamishiwa ardhini, baada ya miezi ulitupita kimo. Nilijivunia mama yangu mpaka nikachokwa shuleni.

Sasa naishi Mabibo, na uani kule Temeke majiko yamejipanga hadi yanagusa ukuta wa ua, chuma cha Bibi kikitangulia kuwashiwa moto. Juzi nilimpigia mama simu, nikamwambia kwa huruma kwamba sasa nafasi imekwisha, ashukuru alipofika.

"Nimeshukuru," akanijibu. "Na fundi nishamwita. Ukuta unavunjwa kesho."