Upande wa Pili wa Karatasi

Miaka mitatu iliyopita binti yangu alikutwa na kisukari, kile cha kuchoma sindano kila siku. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na mtaani walimwita Swala kwa mbio zake. Daktari akatupa karatasi ya maelekezo. Mimi ni mpiga pasi kwa dobi, kusoma sijui. Nikampa wifi yangu, karani wa ofisi. Akasoma mbiombio mpaka mstari wa mwisho: "Asifanye mazoezi." Akaikunja.

"Umesikia, wifi? Akikimbia utamzika."

Nikamketisha. Kamba yake ya kuruka nikaifungia kabatini. Karatasi nikaitia kwenye mkoba wangu, isichezewe. Shuleni nilikwenda mwenyewe kuomba asicheze. Akiinuka tu: "Keti!" Watoto wakambadilishia jina, akawa Malkia wa Kiti. Alilia. Nikamwambia afadhali malkia aliye hai.

Kliniki waliuliza sindano na chakula, basi. Mpaka juzi, walipompima mishipa ya damu. Daktari alimfunga mkanda mkononi, akaukaza dakika tano, akauachia huku akitazama mshipa kwenye kioo cha mashine.

"Damu ikirudi, mshipa hutanuka. Huu umetanuka kidogo mno. Mama, anafanya mazoezi gani?"

"Mazoezi? Si mlimkataza nyinyi!"

Kalamu ikamdondoka. "Nani alimkataza?"

Nikatoa karatasi. Akaisoma, kisha akaigeuza. Akaigeuza! Miaka mitatu naibeba, sikujua kama nyuma kuna maneno. Binti yangu akainyakua, akasoma kwa sauti: "Asifanye mazoezi..." Akageuza. "...kabla ya kupima sukari. Ikiwa chini, ale kitu kitamu kwanza. Mazoezi ya kila siku yanalinda mishipa yake."

Nikashika ukingo wa kitanda. Mpira wa maji wa pale kazini ukikaa bila kutumika hukakamaa. Naliona hilo kila siku ya Mungu, na bado nilimkalisha mwanangu.

"Mshipa utarudi?" nikauliza.

"Bado mdogo, mama. Mazoezi yanasaidia. Aanze leo, taratibu."

Wifi nilimkuta barazani akipaka rangi kucha.

"Wifi, karatasi ina upande wa pili."

"Ningejuaje? Si ungegeuza mwenyewe."

"Mimi? Nisiyejua hata a?"

Akapuliza kucha. Mpaka leo hajasema samahani.

Nikafungua kabati, nikatoa kamba. Binti akajitoboa kidole, akatazama kipimo.

"Iko sawa, mama."

Akaruka. Kumi, kumi na tano, akaiachia kamba, akainama ameshika magoti, anahema. Yeye, Swala! Mdomo wangu ukaropoka kwa mazoea:

"Keti!"

"Mama!"

Nikajiziba mdomo kwa kiganja. Akaiokota kamba.