Fundi Sura na Picha za Mwalimu

Watu walimwita Fundi Sura, na jina lenyewe lilishaanza kumtia kichefuchefu. Miaka kumi na tisa alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, chumba cha nyuma cha studio ya picha, akilainisha mashavu, akiziba mapengo na kupunguza vitambi. Familia zilikuja zimenuniana tangu mlangoni. Zikifika mbele ya pazia la buluu zinakumbatiana, meno nje. Picha ikishapigwa, kila mtu na njia yake.

Yalimfika shingoni siku mama mmoja alipoleta picha ya familia ya mwanawe.

"Huyu mkwe ameondoka. Mfute."

Akamfuta. Ila vidole vya yule mkwe vilibaki begani kwa mtoto, ikabidi avifute kimoja kimoja.

"Safi kabisa!" mama yule akafurahi. "Utadhani hakuzaliwa."

Fundi Sura alitoka nje akatema mate, na bado mdomo ukawa mchungu mpaka jioni.

Wiki hiyohiyo alimpeleka mama yake zahanati kubadilisha bandeji ya kidonda cha mguu. Ukutani, pale watu wanaposubiri, zilitundikwa picha za majumbani: mwanamke akimtoa mwanawe chawa, mtoto kakaa kwenye poti huku anakula mkate, baba wa watu kajikunja kitandani anakata kucha za miguu.

"Uchafu gani huu?" Fundi Sura akakunja pua. "Mtu anatundika kucha?"

Mama yake alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi. "Hebu mwone huyu! Si marehemu baba yako mtupu? Alikuwa akizirusha zinatua kwenye chai yangu."

Fundi Sura akaiangalia tena ile picha ya kucha. Picha ya baba iliyokuwa sebuleni aliitengeneza mwenyewe: akamnyoosha shingo, akamwondolea kovu la kidevuni. Mama hakuwahi kuicheka wala kuililia. Sasa alijionea kinyaa kuliko alivyozionea zile kucha.

Muuguzi alimwambia mpiga picha ni mwalimu mstaafu, bibi anayekaa nyuma ya soko. Jumamosi akamfuata, akamkuta jikoni kwa jirani yake, kamera kifuani, anamenya vitunguu.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kujifunza."

"Marahaba. Kamera yako weka juu ya kabati. Osha vyombo."

Kwenye sinki kulikuwa na maji ya tangu jana, mafuta yameganda juu, na shungi la nywele limeziba tundu. Alipotumbukiza mkono, akajikunja na kugeuza uso.

"Mbona umejikunja hivyo?"

"Inanuka, Mwalimu."

"Inanuka, ndiyo. Na wenyewe wanakula humuhumu. Osha mpaka wakusahau kama upo. Hapo ndipo upige."

Siku ile aliosha saa mbili nzima, asipige hata picha moja.

Mwezi uliofuata alimpiga mama yake: mguu ndani ya beseni, bandeji imefunguliwa nusu, na yeye anapiga soga na jirani kupitia dirishani, amecheka hadi fizi zote zinaonekana. Kaka mkubwa alipoiona aliruka.

"Huna haya? Mama yetu unamtoa na usaha?"

"Mguu wa nani?" mama akadakia. "Mara ya kwanza mtu ananipiga picha na mimi mwenyewe nimo, wewe unaleta kelele! Tundika, mwanangu."

Ikatundikwa sebuleni. Kaka hakutia mguu pale kwa miezi miwili.

Studioni, Fundi Sura alimwambia bosi wake kwamba kufuta watu basi. Bosi akamhamishia kwenye picha za vitambulisho, kazi ya kuchosha, lakini hakuna anayedanganywa. Jumamosi huingia jikoni za watu. Harufu za masinki hajazizoea, wala hajifanyi amezizoea; nyumba nyingine hutoka mbio akatapike uani, kisha hunawa uso, akarudi ndani.