Trekta Lililokataa Kunibeba

Kabla ya mwaka 1994 nilikuwa fundi mzuri sana. Nasema hivyo kwa sababu hakuna aliyekuwa amenipima. Pale Rodi Kopany nilikuwa natengeneza vinu vya posho, na kinu cha posho kina huruma: ukikigonga nyundo mahali popote, mara nyingi kinaamka chenyewe. Mteja pekee aliyekuwa akinilalamikia ni mke wangu, Filister, kuhusu redio yake, na yeye sikumhesabu.

Siku moja akaja kijana wa Kikuria aitwaye Werema. Alikuwa mtunza bustani wa padri mmoja mgeni upande wa Homa Bay. Padri aliporudi kwao alimwachia trekta dogo kuukuu la kukatia nyasi. Werema alitoa visu vya nyasi, akalipakia kwenye lori, akampelekea mama yake Kegonga alimie. Lilipofika huko likaanza vituko.

"Unajua matrekta?" akaniuliza.

"Sana," nikasema. Nilikuwa nimeyaona mengi, yakipita barabarani.

Nikafunga vyombo vyangu, tukasafiri naye hadi Kegonga. Mama yake aliitwa Bathsheba, lakini kila mtu pale alimwita Mama Werema. Alikuwa mjane mkubwa wa mwili na mchache wa maneno. Mimi Mjaluo, yeye Mkuria, kwa hiyo tulikutana kwenye Kiswahili, ambacho kila mmoja wetu alikuwa amekiazima na hakukitunza vizuri.

"Fundi, hii kitu inawaka nikikalia," alisema. "Nikitoka, inakufa. Akikalia mtoto wangu, inakufa pia."

"Hiyo ni kabureta, mama," nikamjibu kwa sauti ya daktari.

Nikafungua kabureta, nikaiosha kwa petroli, nikaipuliza mpaka masikio yakaziba. Mama Werema akaketi, akawasha, likanguruma. Nikawatazama majirani waliokuja kuangalia, nikaachia tabasamu. Kisha nikamwomba ashuke, nikakaa mimi. Likakohoa, likazima. Nikabadilisha plagi. Yeye akikaa, linawaka. Mimi nikikaa, linazima. Nikasafisha tangi, nikalaumu petroli ya magendo, nikalaumu vumbi la njiani. Kila nilichokilaumu kilikuwa kizima.

Jirani yake Maroa, mkulima wa tumbaku, alikuwa amekuja kuazima jembe. Aliona mambo yalivyo, akalikalia hilo jembe.

"Labda halipendi Wajaluo," alisema.

"Limetoka Homa Bay," nikamwambia. "Limekulia kwetu."

"Basi linakujua."

Mwishowe Mama Werema akachoka kuinuka na kuketi kama mtu aliye kanisani. Akabwaga gunia la mahindi kwenye kiti, akaenda kukamua ng'ombe. Nikawasha nikiwa nimesimama pembeni, mguu mmoja kwenye klachi. Trekta likawaka na halikuzima. Nikajua kabureta yangu imekubali. Nikashusha gunia ili nikae niwaonyeshe watu, nalo trekta likakata roho.

Hapo hata mimi nilielewa. Nikalala chali chini ya kiti, nikakuta swichi ndogo, waya mbili na springi iliyokauka kwa kutu. Waliolitengeneza walitaka lizime dereva akianguka. Mama Werema aliibonyeza ile springi bila shida. Mimi, kwa jinsi nilivyokuwa mwembamba miaka ile, nilipokaa springi haikupata habari kwamba kuna mtu.

Fundi mwenye akili angelainisha springi. Mimi nilizikata zile waya na kuziunganisha moja kwa moja. Likawaka bila mtu yeyote kitini, watu wakapiga makofi, na nikajiona nimewashinda wazungu waliolibuni.

Asubuhi iliyofuata nikafunga plau ya ng'ombe nyuma kwa mnyororo. Maroa aliniuliza kama trekta dogo hivyo litaivuta. Nikamwambia asimame mbali asije akapigwa na mabonge ya udongo. Nikatia gia.

Kwa hatua chache za kwanza nililima, na hilo lazima niliseme, kwa sababu wengi wanalisahau wanapohadithia. Kisha plau ikashika kisiki. Magurudumu ya mbele yakainuka kama mbuzi anayefikia majani ya juu, nami nikateleza kwa nyuma nikaangukia udongo niliokuwa nimeulima mwenyewe. Mnyororo ukakatika. Trekta likarudi chini, likajikuta limepungukiwa na plau na dereva, likaondoka kwa furaha kuelekea shamba la Maroa.

Nililifukuza. Nilikuwa nimevaa gamubuti za Werema, zilizonizidi, kwa hiyo mguu ulikimbia na kiatu kikabaki. Trekta likapita katikati ya tumbaku ya Maroa, likanyoosha mstari mzuri kuliko wangu, likagota kwenye kichuguu. Nililikuta likisukuma kichuguu, magurudumu yakichimba. Nikalizima.

Maroa alifika polepole. Alitazama tumbaku iliyolala, akanitazama mimi na soksi zangu.

"Nani alikuwa anaendesha?"

"Hakuna mtu."

"Amekushinda," akasema.

Nilipanda upya miche yote iliyoharibika, nikiwa nimeinama, huku watoto wa shule wakipita na kunisalimu kwa heshima iliyozidi kiasi. Wakati huo ndipo nilipoanza kufikiri, kazi niliyopaswa kuifanya siku ya kwanza. Nilirudisha swichi mahali pake. Nilitoa springi iliyokauka, nikaweka nyingine laini ya kiti cha baiskeli. Nilifunga mawe mbele ili pua isiinuke. Plau niliiachia ng'ombe, na trekta nikaliundia haro ndogo ya meno ya chuma, ya kupita baada ya ng'ombe na kuvunja mabonge. Hiyo liliivuta bila kunung'unika.

Nikapanda nionyeshe. Mama Werema akanishika bega.

"Wewe tengeneza," alisema. "Mimi nitaendesha."

Nilitaka kubishana, ila nikamwona Maroa amesimama ukingoni mwa tumbaku yake, akinyanyua mkono kumuunga mama mkono. Nikashuka.

Msimu ule Mama Werema alivunja mabonge ya shamba lake, kisha ya majirani, wakimlipa kwa wimbi na kuku. Wanaume waliosema mwanamke hawezi kazi ya kulima walikuja jioni kuulizia zamu. Shamba la Maroa mama alilianza yeye mwenyewe, bila kuombwa, na Maroa akaniambia kwamba kesi yetu imekwisha.

Mimi nilibaki Kegonga. Nilijiambia ni kwa sababu ya trekta, lakini ukweli ni kwamba hadithi yangu ilikuwa imefika Rodi Kopany kabla yangu, na ikiwa imenenepa njiani. Watu wa Kegonga walinicheka, kisha wakaniletea pampu zao, wilbaro zao na mashine zao za kupukuchua mahindi. Nilijifunza kumsikiliza mwenye kitu kwanza na kushika spana baadaye, ingawa mikono bado inaniwasha mtu anapoongea sana.

Mwaka uliofuata Filister alikuja na watoto na redio yake, bado mbovu. Mama Werema alimfundisha kuendesha kwa asubuhi moja tu. Sasa msimu wa kulima ukifika, wao wawili hupokezana kitini, nami natembea nyuma ya haro na dumu la petroli, nikiokota mawe. Filister akifika mwisho wa shamba hugeuza vizuri, ananingojea, kisha ananiambia niharakishe, mvua inakuja.