Swali Nililolikatia Umeme

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo kumbukumbu yangu imekataa kuizika. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, nimeajiriwa katika maktaba ndogo mjini Kakamega, nyumba ya vyumba vitatu ambamo tulihifadhi sauti za wazee. Kuwaendea wazee na kuwanasa sauti ilikuwa kazi ya mkuu wangu, Bi. Ayuma, mwanamke aliyezungumza kidogo na kusikiliza sana. Kompyuta ilikuwa kazi yangu. Tulikuwa na moja tu, nayo ilitumia mfumo wa Linux kwa sababu hutolewa bure. Nilijivunia kuufahamu kuliko mtu yeyote niliyemjua, jambo ambalo halikuwa gumu, maana niliowajua hawakuufahamu hata kidogo.

Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na sauti ya Kukhu Nasimiyu. Kukhu ndivyo tunavyowaita bibi zetu huku. Alikuwa mkulima wa mahindi kule Likuyani, na Bi. Ayuma alikaa naye alasiri mbili akimnasa sauti akisimulia ukoo wake: walikotoka kabla ya kuhamia mashamba yaliyoachwa na Wazungu, nani alizikwa wapi, na majina ya watoto wake wanne waliofariki wakiwa wachanga, majina ambayo hakuna mwingine aliyeyakumbuka. Miezi michache baadaye naye akafariki. Mwaka ulipokaribia kutimia, jamaa zake wakaandaa makumbusho, siku ambayo watu hurudi nyumbani kwa marehemu kumwombea na kumtaja, wakaomba sauti yake isikike mbele ya waliokusanyika. Binti yake, Nekesa, alikuwa aje kuichukua siku ile ile ninayokusimulia, saa kumi alasiri.

Kinasa sauti chetu kilikuwa kidogo. Kila tulipohamishia masimulizi kwenye kompyuta, tulikifuta ili kipokee mengine. Kwa hiyo nakala ilikuwa moja. Bi. Ayuma alikuwa ameniagiza ninakili kila kitu kwenye diski kila Ijumaa, na diski hizo tupu zilikuwa mezani pangu, ndani ya nailoni yake, hazijafunguliwa. Nilijiambia nitaanza wiki ijayo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wahenga, ila hawakusema kwamba matumbo yanayoumia huweza kuwa ya watu wengine.

Ili sauti ile ichezeke katika redio ya akina Nekesa, ilibidi niigeuze kwa programu ambayo hatukuwa nayo. Katika Linux kipo chombo maalumu kinachotafuta programu, kuileta pamoja na nyingine zote inazozitegemea, kisha kuzipanga mahali pake. Saa nne asubuhi nikakiamuru kianze. Kikaleta, kikafungua, na ule mstari wa kuonyesha kazi ilipofika ukajaa polepole hadi robo tatu. Hapo ukasimama.

Nilingoja dakika kumi. Nikasogeza kipanya, nikabonyeza hiki na kile. Kimya. Bi. Ayuma akaniita kutoka chumba cha pili.

"Inaenda?"

"Inaenda, Mama."

"Kama imekwama, useme. Nimpigie yule Shikuku wa Lubao aje."

Shikuku alikuwa fundi wa kompyuta asiyekuwa na cheti chochote. Mimi nilikuwa na diploma, tena imetiwa fremu.

"Haijakwama," nikasema.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo niliwahi kuiandikia insha shuleni, nikasifiwa mbele ya darasa zima. Lakini kujua methali na kuitii methali ni majirani wasioamkiana.

Nikakishika kitufe cha umeme mpaka mashine ikazimika. Ilipowaka nikaamuru upya, nayo ikakataa. Iliandika kwamba kazi ya awali ilikatizwa katikati, ikataja herufi kwa herufi amri niliyopaswa kuiandika ili kazi hiyo ikamilishwe. Zingatia hilo, mwanangu. Nilitajiwa ugonjwa na dawa yake katika sentensi moja, na sikuisoma. Niliona neno la kukosea nikashikwa na aibu, na mwenye aibu hasomi, hukimbia. Nikaingia kwenye intaneti, nikachukua ushauri wa kwanza wa mtu nisiyemjua, nikafuta faili zinazozuia kazi mbili za aina hiyo zisigongane. Nikalazimisha baadhi ya programu ziondoke, nazo zikaondoka na nyingine ambazo mashine yenyewe ilizitegemea. Kufikia saa saba kompyuta ilikuwa ikiwaka tu na kukodoa kioo cheusi.

"Bado?" Bi. Ayuma aliuliza, akiniwekea kikombe cha chai.

"Inakaribia, Mama."

Hata wakati huo sauti ya Kukhu Nasimiyu ilikuwa salama. Nataka ulielewe hili, kwa maana ndipo penye uchungu wangu wote. Mfumo ulikuwa umevurugika, lakini diski ya ndani ya kompyuta ilikuwa nzima na sauti imo ndani yake. Mtu yeyote mwenye subira angeifungua katika mashine nyingine akaitoa. Ila kufikia saa saba sikuwa tena ninaiokoa sauti. Nilikuwa ninaokoa jina langu. Nikaamua kuusakinisha mfumo wote upya kabla ya saa kumi, mtu asijue. Mashine ikaniuliza kama nataka kuitumia diski yote na kufuta kila kilichomo. Niliamini, bila kuhakikisha, kwamba sauti zilikuwa katika sehemu nyingine ya diski. Nikajibu ndiyo, kama mtu anayepunga nzi.

Saa tisa na nusu kompyuta iliwaka vizuri, safi kama sahani iliyooshwa. Nilitafuta kila mahali. Hamkuwa na kitu.

Nilipomwendea Bi. Ayuma, hakupaza sauti. Alivua miwani, akanitazama mpaka nikaona afadhali angenipiga.

"Kijana, ungeniambia saa nne, tungekuwa na tatizo. Umeniambia saa kumi, tuna msiba. Sasa kaa hapo. Utamwambia mwenyewe."

Nekesa alifika kwa wakati, amebeba ile redio na kuku aliyefungwa miguu, zawadi ya kutushukuru. Nilimweleza kwa maneno mengi ya kitaalamu, naye akanisikiliza kwa heshima, kama mtu anayesikiliza mahubiri kwa lugha asiyoijua. Mwishowe akauliza neno moja.

"Yote?"

"Yote, Mama."

"Hata kukohoa kwake? Alikohoanga kila akimaliza kutaja jina la mtu. Hata hako kakohozi peke yake ningechukua."

Akaniuliza kama mimi, niliyeihamisha ile sauti, nilikumbuka majina ya wale ndugu zake wanne. Hata moja tu. Mwanangu, sauti ile ilipita masikioni mwangu mwanzo hadi mwisho nilipokuwa nikiihamisha, nami nilikuwa nikisoma habari za mpira. Sikukumbuka hata moja. Bi. Ayuma alikumbuka mawili. Mengine mawili hayajapatikana hadi leo, na walioitwa kwa majina hayo ni kama wamefariki tena.

Alipoondoka tulimsihi amchukue kuku wake. "Zawadi hairudi nyumbani," alisema, akaenda zake.

Kesho yake Shikuku alikuja. Alijaribu kuokoa chochote katika diski, akatikisa kichwa. Nilikuwa nimeandika mapya juu ya ya zamani. Kisha akaniomba nirudie mbele yake nilichokifanya saa nne. Nikarudia. Mstari ukajaa, ukasimama palepale, robo tatu.

"Ndiyo hapa ilikwama," nikamwambia.

Shikuku akabonyeza kishale kidogo kando ya ule mstari, ambacho sikuwahi kukijali. Dirisha likafunguka, na ndani yake mlikuwa na swali: je, unakubali masharti ya matumizi ya aina fulani za herufi za kuandikia zilizokuja pamoja na programu hii? Akabonyeza mara mbili. Haikupita dakika, kazi ikamalizika.

"Ndugu yangu wa diploma," alisema, wala hakucheka, "hii haikukwama. Ilikuwa inakuuliza kitu, ikakungoja. Aliyekwama ni wewe."

Miaka imepita, nami sasa nina mvi za kutosha kuitwa mzee katika vikao. Ningependa kukuambia kwamba Nekesa alinisamehe na moyo wangu ukatulia. Alinisamehe. Moyo haukutulia, maana msamaha haurudishi jina lililopotea. Maji yakimwagika hayazoleki, na nimechoka kusikia watu wakiitaja methali hiyo kana kwamba ni faraja. Wala sina hakika kwamba utanisikia. Nawaona vijana wa leo wakifunga ujumbe kabla ya kuusoma, wakijibu ndiyo ili waachwe kwa amani, wakisema "iko sawa" huku jasho likiwatiririka, nami najitambua.

Hata hivyo ni wajibu wangu kusema. Kitu kikisimama mbele yako, kiwe mashine au mtu, usiharakishe kukizima. Tafuta kwanza kama kinakuuliza neno. Ukipewa maandishi, yasome hadi nukta ya mwisho, hasa yale yanayokuaibisha. Cha mtu usikikabidhi kwa nakala moja, na ulichokabidhiwa kisikilize kabla ya kukihifadhi. Usifute kitu usichoweza kukirudisha. Na juu ya yote, ukishindwa, sema saa ileile umeshindwa, kwa aliye mkubwa wako au kwa asiye na cheti, maana kila saa ya uongo huongeza gharama ambayo atailipa mtu asiyekukosea.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie katika kazi ya mikono yako, akuzungushie watu unaoweza kuwaambia kweli, na akujalie kile nilichokikosa mimi siku ile: ujasiri wa kuaibika mapema. Amina.