Diski Nne za Mzee Kibwana

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila nikisikia mtu akisema, "Waliopo wanatosha." Mvi hizi unazozitazama zilikuwa hazijaanza hata kunichungulia. Nilikuwa nimeajiriwa na Mzee Salehe kwenye duka lake la ufundi pale Mwembesongo. Mzee huyu alianza na redio, akaingia kwenye televisheni, na kompyuta zilipozidi mjini akanichukua mimi niliyekuwa nimetoka chuo ili nizishughulikie. Kichwa kilikuwa kimenivimba kweli. Niliona kwamba Morogoro nzima haina fundi mwingine.

Asubuhi hiyo waliingia kaka na dada. Kaka aliitwa Hamza, na alikuwa na kibanda cha kuwekea watu filamu na nyimbo kwenye simu na flashi. Dada yake, Zaituni, alikuwa amekumbatia mfuko kama mtu aliyebeba mayai. Wakamwamkia mzee shikamoo, wakaitikiwa, wakakaa. Ndani ya mfuko mlikuwa na sanduku jeusi tupu na diski tatu za kompyuta.

Nieleze kidogo hapa, maana si kila anayenisikiliza ni fundi. Baba yao, Mzee Kibwana, alikuwa mpiga picha. Harusi, maulidi, mahafali ya shule, zote alizifuata na kamera yake, mpaka huko Matombo milimani ambako barabara inamtikisa mtu akafika amechoka kuliko aliyetembea. Kazi zake zote alizihifadhi kwenye sanduku lile. Humo zilikaa diski nne zikifanya kazi kama diski moja kubwa, na kompyuta zote za studio zilichota humo kwa waya wa mtandao. Sasa sikiliza vizuri. Sanduku la namna ile haliweki harusi ya huyu kwenye diski hii na ya yule kwenye diski nyingine. Kila filamu hukatwakatwa vipande vidogo vidogo, vikatawanywa kwenye diski zote, pamoja na hesabu za akiba, ili diski moja ikifa, tatu zinazobaki ziweze kuziba pengo lake. Zikifa mbili, basi tena.

Mzee Kibwana alipofariki na arobaini ikapita, wenye haki walikaa wakagawana vitu vya studio. Kamera, taa, viti, na lile pazia lenye picha ya maporomoko ya maji ambalo nusu ya mji imesimama mbele yake. Walipofungua sanduku wakakuta diski nne, nao walikuwa wanne: Hamza, Zaituni, mdogo wao Rajabu aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, na Shomari, mtoto wa dada yake Mzee Kibwana. Nne kwa wanne. Wakaona Mungu kawarahisishia. Kila mmoja akatia yake mfukoni, akiamini amebeba robo ya kazi za mzee.

Usicheke. Mimi nilicheka moyoni, ndiyo maana nakukataza. Wale walikuwa wakigawana mali kwa haki, na ni wangapi tunaowajua wameweza hilo? Kasoro ilikuwa namna walivyomtendea Shomari. Sisi Waluguru, mwanangu, ukoo wetu ni wa mama, na mpwa kwa mjomba wake si mgeni. Tena Shomari ndiye aliyembebea mjomba wake mikoba ya kamera miaka yote, akapanda naye kila kilima. Lakini Hamza alikulia mjini, akaona binamu yake kaja kula visivyo vyake. Alimkabidhi diski kwa maneno ambayo Zaituni, alipoyarudia pale dukani, aliinamisha uso: "Shika kipande chako, na usikanyage tena hapa." Shomari akaenda zake Kisaki, akafungua duka dogo karibu na stesheni ya reli, na hawakuzungumza tena.

"Mnatafuta nini humo ndani?" niliwauliza. Nilitegemea kuambiwa kazi za wateja.

"Namtafuta mama," Zaituni akasema.

Mama yao alikuwa ametangulia kabla ya baba. Alikuwa mtu wa kukimbia kamera. Mumewe alipiga picha wake za watu mji mzima, wa kwake akiiona kamera anajifunika khanga. Filamu moja tu ndiyo iliyomnasa, ya harusi huko Matombo, kwa sababu siku hiyo alikuwa mpishi mkuu na hakuwa na pa kukimbilia.

"Nina binti, nimempa jina lake," Zaituni aliendelea. "Ananiuliza, bibi alikuwa anaongeaje? Juzi nikataka kumuigizia, nikashindwa. Dada fundi, nimeanza kuisahau sauti ya mama yangu."

Moyo uliniuma, sitakudanganya. Ila kiburi ndicho kilichowahi kujibu. "Tatu zinatosha," nikasema. "Ya huyo wa nne hatuihitaji."

"Si nilikwambia?" Hamza akamgeukia dada yake.

Mzee Salehe alikuwa kwenye kona yake akifungua feni ya mteja. Akaweka bisibisi chini. "Huyo wa nne yuko wapi?"

"Achana naye, mzee wangu. Fundi mwenyewe kasema hahitajiki."

"Nimemsikia." Kisha akanitazama mimi. "Binti, aliyetengeneza sanduku hili aliweka akiba ili mmoja akifa wenzake wasipotee. Wewe unaichukua akiba hiyo kumfukuzia mtu aliye hai. Halafu, umeshazipima hizo diski? Hata moja? Sasa umejuaje kama ni tatu?"

Kuambiwa hivyo mbele ya wateja kulinichoma. Nilinuna mpaka mdomo ukauma. Nina hasira za karibu, hata leo ninazo, muulize mume wangu. Lakini kanuni ya kazi ya mzee sikuthubutu kuivunja: kabla ya kujaribu lolote, kila diski ninakili yote kama ilivyo, zile za wenyewe niziweke pembeni, nihangaike na nakala tu. Ni kazi ya kungoja. Ya Zaituni ikakubali, ya Rajabu, aliyowatumia kutoka Dar es Salaam, ikakubali. Nikachomeka ya Hamza.

Ikafunguka palepale, kama flashi ya kawaida. Diski iliyotoka kwenye sanduku lile, mwanangu, haifunguki hivyo. Ndani zilijipanga filamu za kivita na za karate, zile zilizotiwa maneno ya Kiswahili, safu kwa safu, mpaka diski imejaa pomoni.

Nikamgeuzia Hamza kioo. Alianza kufuta jasho shingoni. Akasema alipoichomeka kule kibandani haikuonyesha kitu, kompyuta ikamwambia ifomatiwe kwanza, yaani ifutwe na kupangwa upya, akakubali. Alidhani ni tupu. Akaijaza filamu za kuuzia wateja, na baadaye alipomsikia dada yake anatafuta fundi, akaogopa kusema. Aliileta hivyo hivyo akiomba Mungu nisijue.

"Ungeniambia tu, kaka," Zaituni alisema kwa sauti ndogo. Nadhani angemtukana ingekuwa nafuu kwa kila mtu mle dukani.

Basi tatu zangu nilizojivunia zikawa mbili, na mbili hazifiki popote. Mzee Salehe hakunisimanga. Alirudi kwenye feni yake. Aliyebaki wa kumwokoa mama yao alikuwa yule niliyesema hahitajiki.

Zaituni akampigia simu, akaweka sauti ya wazi ili nieleze mambo ya ufundi. Hakukuwa na la kueleza. "Diski ninayo," Shomari alisema. "Sijaichomeka popote. Nimefanya kazi na mjomba, najua peke yake haisemi kitu. Lakini sitampa kondakta wa basi, nitaileta kwa mkono wangu. Ila dada, mimi niliambiwa nisikanyage. Aliyeniambia ndiye aniite."

Tukamtazama Hamza wote, naye akatazama sakafu. Mwanangu, hapo ndipo nilipouona mwisho wa ufundi wangu. Vyeti vyangu vyote, na nyaya, na programu, havikuwa na namna ya kumfanya yule mtu anyooshe mkono. Angeweza kutoka akaenda kibandani kwake, na Zaituni angerudi nyumbani na sanduku tupu, na sauti ile ingepotea duniani. Nilimwona Zaituni ameshika pindo la khanga yake kwa mikono miwili. Hakumwomba kaka yake kitu.

Hamza akaichukua simu, akazima sauti ya wazi, akatoka nje akachuchumaa kando ya mtaro, ametugeuzia mgongo. Hatukusikia alichosema. Tuliona mabega tu, na mara moja mkono ukifuta uso. Aliporudi alisema, "Anakuja," akakaa.

Shomari alifika na vumbi la njia nzima, amebeba ndoo ndogo yenye kifuniko. Ndani ulikuwa mchele, na ndani ya mchele, imefungwa kwa kitambaa na mfuko, diski yake. Alikuwa ameihifadhi hivyo tangu siku ya kwanza ili isipate unyevu. Hamza alisimama mlangoni. Hawakukumbatiana, usifikiri mambo huenda haraka hivyo. "Karibu," alisema. "Nimekaribia," akajibiwa. Lakini Hamza aliipokea ile ndoo kwa mikono miwili, akaibeba mwenyewe mpaka mezani, na mimi nikasogeza vitu vyangu kumpisha.

Nikanakili ya Shomari. Nikaziunganisha nakala tatu, kompyuta ikakaa ikihesabu, ikanifanya nisahau hata chai. Kisha majina ya mafaili yakaanza kushuka kwenye kioo: harusi, mahafali, maulidi, harusi, harusi. Shomari ndiye aliyenionyesha ni ipi, maana siku ile alikuwepo.

Moshi ndio uliotangulia kuonekana. Kisha sufuria kubwa la ndizi, kisha mwanamke amejifunga khanga kiunoni, mwiko mkononi, anaitazama kamera kwa jicho la mtu aliyeudhika.

"Kibwana, weka hicho kidude chini uje unishikie sufuria! Na huyo Shomari kala? Mtoto kapanda mlima na mizigo yote hiyo, hakuna hata anayemwangalia. Hamza! Hamza we! Mpishe nduguyo akae."

Kwenye filamu kijana mmoja mwembamba aliinuka kwenye kigoda, akinung'unika. Zaituni alicheka kwa sauti, machozi yakimtiririka, akirudia, "Ndivyo alivyokuwa anaongea, ndivyo hivyo hivyo." Nami nililia, sikuona sababu ya kujizuia. Nilipogeuka nikamwona Hamza mkubwa, mwenye kibanda na ndevu zake, ameinuka kwenye kiti. Akakisukuma taratibu kuelekea kwa Shomari. Shomari akakaa.

Diski zile hazikugawanywa tena. Sanduku liko kwa Zaituni, na kila nyumba ina nakala yake. Mzee Salehe naye amekwenda mbele ya haki, Mungu amrehemu, na duka amenirithisha mimi pamoja na ile kona yake. Hakuwahi kulitaja tena jambo lile, na mimi sikuwahi kumshukuru mbele ya mtu. Nakupa wewe maneno haya labda kwa sababu hiyo.

Basi nikuambie wazi. Kabla hujagawana kitu na ndugu zako, jua kwanza kimeshikana vipi, maana vingine ukivigawa kwa haki kabisa kila mtu anatoka mikono mitupu. Ukiletewa kilichoharibika, usikivamie. Nakili kwanza, na kile cha mwenyewe ukiweke pembeni. Ukiharibu wewe, sema siku hiyo hiyo. Hamza hakuharibu kwa ubaya, aliharibu kwa kutojua, na kilichomwumiza dada yake ni ule ukimya. Lakini nilichokuitia hasa ni hiki kimoja. Usimtoe mtu kwenye hesabu kwa sababu tu leo mambo yanakwenda bila yeye. Hujui waliobaki wamebeba nini ndani, hata kama wamekaa mbele yako wanatabasamu. Uliza nani hayupo. Na kama wewe ndiye uliyemfukuza, ichukue simu, toka nje, chuchumaa ukipenda, mwite.

Mungu akupe mikono isiyo na pupa, mwanangu. Akupe mtu wa kukukanya ungali kijana, na akupe masikio ya kumsikia hata ukiwa umenuna. Na popote utakapofika umechoka na mizigo yako, pasikose mtu wa kusema mpisheni huyu akae.